Mseto, Mchanganyiko na Makinikia: Majina ya Vitu Vilivyochanganyika katika Ukanda wa Dhahabu

Mnamo Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia kusafirishwa nje ya nchi kwa shehena iliyotoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Makontena 277 yalikwama Dar es Salaam. Kilichokuwamo kiliitwa na wengi mchanga wa dhahabu, au mchanga tu. Kisha jina makinikia likatawala magazeti, Bunge na vijiwe vya kahawa. Mgogoro wenyewe ulikuwa wa mapato, lakini ulisimama juu ya swali ambalo mwanaisimu analitambua mara moja: kitu chenye vitu vingi ndani yake kiitwe nini, na je, jina hilo linamruhusu msikilizaji kuvihesabu vilivyomo?

Kiswahili kina msamiati mpana wa kutaja wingi usio wa namna moja, na maneno yake hayalingani kimaana. Mbalimbali ni uradidi wa mbali. Dhana ya utofauti imejengwa juu ya dhana ya umbali, na vitu vilivyo mbalimbali havijagusana. Anuwai limetokana na Kiarabu anwāʿ, wingi wa nawʿ, yaani aina. Wingi huo umo ndani ya shina lenyewe, ingawa mzungumzaji wa Kiswahili hauhisi tena. Maneno yote mawili huorodhesha bila kuunganisha, na ndiyo maana bioanuwai ni istilahi inayokubalika kwa urahisi: spishi zinahesabika moja moja.

Mchanganyiko ni jambo jingine. Umbo lake linasomeka kama historia fupi ya tendo: mzizi -chang- wa kuchanga, yaani kukusanya kwa kila mmoja kutoa chake (ndio uliozaa mchango, na ndio unaosikika katika kuchanga karata), kisha -an- ya kutendana, -y- ya kutendesha, -ik- ya kutendeka na hatimaye -o ya unominishaji. Kwa hiyo katika asili ya neno kuna wachangiaji, na kila mmoja alikuwa na chake. Matumizi ya leo yamewafuta. Anayesema mchanganyiko wa saruji hafikirii tena mchango wa mchanga na mchango wa maji. Changamano, la mzizi huohuo kwa mnyambuliko wa -am-, limehifadhi zaidi: sentensi changamano bado inachanganuliwa kwa vishazi vyake.

Neno linalostahili kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi ni mseto. Kwa asili ni chakula, mchele na choroko vilivyopikwa pamoja na kupondwa. Kitenzi ni -seta, kuponda. Njia hii ya kutoka chunguni hadi kwenye dhana si ya Kiswahili pekee. Kilatini kiliita farrago lishe ya mifugo iliyotengenezwa kwa nafaka zilizochanganywa, na Kiingereza kikalichukua neno hilo kwa maana ya mkorogano wa mambo. Satura, linalohusishwa na sahani iliyojaa vyakula vya namna nyingi, ndilo chimbuko la jina la tashtiti katika lugha nyingi za Ulaya. Tofauti iko katika thamani. Farrago katika Kiingereza ni neno la kubeza, ilhali mseto umepanda hadhi: serikali ya mseto, dawa mseto ya malaria, kilimo mseto. Shinyanga inalifahamu hili la mwisho kwa karibu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulihimiza upandaji wa miti mashambani sambamba na kufufua ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Katika kilimo mseto mti unabaki mti na hindi linabaki hindi. Katika dawa mseto viambato viwili vimo ndani ya kidonge kimoja, lakini vyote viwili vimetajwa kwenye pakiti. Jambo la ajabu ni kwamba neno lililozaliwa na kuponda ndilo linalotumika leo pale ambapo sehemu hazijapondeka.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hawategemei lolote kati ya maneno hayo. Mabaki yaliyokwisha kupita kwenye karasha na mwalo huitwa marudio, kwa kuwa hurudiwa: yatachenjuliwa tena, mara nyingi kwa sianidi, kwa sababu dhahabu haijaisha ndani yake. Jina linataja safari ya kitu badala ya viungo vyake, na linamwonya muuzaji asikitoe bure.

Makinikia halina onyo kama hilo. Shina lake ni makini, kutoka Kiarabu makīn, thabiti. -Makinika ni kutulia na kuelekeza fikra mahali pamoja. Kuhamia kwake kwenye madini kunaeleweka tu kupitia Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hutaja kukusanya mawazo na kukoleza kimiminika au mbale. Ni tafsiri ya neno, na imechukua tawi la akili kutaja jambo la metali. Kiswahili kilikuwa na -kolea, la chumvi, rangi na chai, ambalo lingeeleweka bila mkalimani. Hata hivyo sarufi imelipokea neno jipya kwa ukarimu: ma- ambayo ni sehemu ya shina la Kiarabu imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na watu husema makinikia yalizuiwa, kama maji, mafuta na hayo marudio.

Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyowasilisha ripoti yake tarehe 24 Mei 2017, ilifanya kile ambacho jina halikufanya: iliorodhesha. Pamoja na dhahabu, fedha na shaba ilitaja metali nyingine ambazo majina yake yalikuwa mageni masikioni mwa wengi. Kampuni ya Acacia ilizipinga hesabu hizo. Ubishi wa viwango ni wa wanajiolojia na wanasheria. Kilicho wazi kwa mwanaisimu ni kwamba mchanga ni nomino ya kitu kimoja, na aliyeambiwa mchanga hakuwa na sababu ya kuuliza una nini.

Mgodi mkubwa wa Geita hautoi makinikia, hutoa mikuo. Nayo mikuo hiyo, kabla ya kusafishwa, ina fedha ndani yake, ingawa kila mtu huiita dhahabu.