Dumuzi, Mwizi Asiyevunja Mlango

Wazee husema kwamba akiba haiozi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini tangu mwaka 1983 mkulima wa mahindi katika Kenya amelazimika kuyaongezea neno moja: akiba haiozi, bali huliwa. Mtu huvuna vizuri, akajaza ghala lake mpaka juu, akafunga mlango kwa kufuli na kulala usingizi, akijua ya kuwa watoto wake watakula mpaka mavuno yajayo. Miezi minne ikiisha kupita, humtuma mtoto akalete mahindi ya kusaga, naye hurudi na magunzi yaliyotobolewa kila upande, na vumbi jeupe laini kama unga wa sima. Kufuli halikuguswa. Mwizi alikuwa ndani.

Mwizi huyo ni mdudu wa jamii ya mbawakavu, yaani wale wadudu ambao mabawa yao ya juu ni magumu kama gamba. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la dumuzi; katika Kenya wako wanaomwita Osama, kwa sababu ya uharibifu wake. Jina lake katika vitabu vya wataalamu ni Prostephanus truncatus. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4.5 tu, yaani ni mfupi kuliko punje ya mchele. Hata hivyo mdudu huyu mdogo ameleta njaa katika nyumba nyingi ambazo hazikukosa mvua wala hazikukosa bidii.

Alikotoka

Dumuzi si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, huko huko kwenye asili ya mahindi yenyewe. Yaaminiwa kwamba aliingia Afrika ya Mashariki ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora, katika Tanzania, walianza kulalamika juu ya mdudu wasiyemjua, na mwaka 1981 wataalamu walimtambua kuwa ndiye huyu. Mwaka 1983 alionekana Taveta, upande wa Kenya wa mpaka. Mwaka 1984 alionekana Togo, mbali kabisa katika Afrika ya Magharibi. Tangu hapo amesafiri kwa magunia na magari ya mizigo kutoka soko hata soko, na jioni huruka kwa mabawa yake mwenyewe akitafuta makao mapya.

Tofauti yake na fukusi

Watu wengi hudhani kwamba dumuzi ni fukusi yule yule wa siku zote. Sivyo. Fukusi ana pua ndefu iliyochomoza mbele kama mkonga, na ukimtazama kutoka juu utakiona kichwa chake. Dumuzi ana umbo la mviringo kama kipande kidogo cha mti, rangi yake ni kahawia iliyoiva, na kichwa chake kimeinama chini ya mabega hata hakionekani kutoka juu. Nyuma amekatika ghafula, kana kwamba amepunguzwa kwa kisu.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ile ya kazi zao. Fukusi huharibu, lakini humwachia mwenye mali sehemu kubwa ya chakula chake. Dumuzi hutoboa punje baada ya punje, akisaga kuliko anavyokula, ndiyo sababu ya vumbi lile jingi. Jike hutaga mayai yake katika vijia vidogo ndani ya punje, na pakiwa na joto na unyevu unaompendeza, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa siku 25 hadi 27. Tena dume akipata chakula kizuri hutoa harufu inayowaita wenzake, madume na majike pia. Basi aliyeingia peke yake leo, kesho ana karamu.

Katika wilaya ya Tabora wataalamu walipima mahindi yaliyowekwa kwa miezi 3 hadi 6, wakaona kwamba katika ghala lililoharibika kupita yote uzito uliopotea ulifika asilimia 34. Maana yake ni kwamba mtu aliyeweka magunia 10 alibakiwa na kiasi kisichofika 7. Wala si mahindi peke yake. Muhogo mkavu humpendeza dumuzi vivyo hivyo. Huko Togo ilionekana kwamba karibu asilimia 30 ya muhogo uliowekwa ilipotea kwa miezi 3 tu.

Ugumu mwingine ni kwamba dumuzi huishi katika miti. Hutoboa matawi makavu ya msituni, na hutoboa nguzo na fito za ghala lenyewe. Kwa hiyo mtu akimaliza mahindi yake yote na kusubiri mavuno mapya, adui yake hakufa kwa njaa. Yumo katika mbao, amengoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Yampasayo mkulima

Jambo la kwanza ni usafi. Kabla ya mavuno kuingia, ghala lifagiliwe, mabaki yote ya msimu uliopita, pamoja na magunzi, yachomwe moto, na nguzo zilizotobolewa ziondolewe na kuwekwa nyingine. Magunia ya zamani yachemshwe katika maji na kukaushwa juani. Kumwaga mahindi mapya juu ya mabaki ya zamani ni kumwandalia mgeni meza.

Jambo la pili ni kuvuna mapema, mara mahindi yakishakauka vya kutosha. Mahindi yanayoachwa shambani kwa majuma mengi huingiliwa na wadudu yangali kwenye mabua, kisha mkulima huwabeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Jambo la tatu ni kupukuchua. Desturi ya wengi ni kuweka mahindi yakiwa bado katika magunzi, hata na maganda yake. Desturi hiyo ilifaa zamani, lakini dumuzi huipenda sana, kwa kuwa punje zilizoshikwa imara katika gunzi humpa mahali pa kuegemea anapotoboa. Punje zilizo huru humteleza, naye hushindwa kufanya kazi kwa upesi. Tena dawa ya unga haiwezi kufika vizuri ndani ya gunzi.

Jambo la nne ni kukausha. Unyevu wa mahindi ya kuwekwa usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo aweza kutumia chupa na chumvi: atwae chupa kavu, atie chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, atikise kwa dakika chache, kisha aache itulie. Chumvi ikishika kandokando ya chupa, mahindi yangali mabichi na yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu. Ukaushaji huu peke yake hautamwua dumuzi, maana yeye huweza kuishi hata katika mahindi makavu sana; lakini huokoa watu na hatari nyingine. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni na Kitui watu waliokula mahindi yenye sumukuvu waliugua, jumla yao 317, na 125 wakafa. Sumu hiyo hutoka kwa ukungu, na ukungu hupenda unyevu.

Jambo la tano ni dawa. Hapa ndipo wengi walipokosea hapo mwanzo. Dawa iliyozoeleka kwa fukusi, iitwayo pirimifosi-methili, haina nguvu ya kutosha juu ya dumuzi. Na dawa ya permetrini, ambayo humwua dumuzi, haimwezi fukusi sawasawa. Ndiyo sababu dawa ya ghalani hutengenezwa kwa kuchanganya hizo mbili. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90, lakini hapana budi kusoma maandishi ya pakiti na kuyafuata. Dawa ya kunyunyizia mimea shambani isitiwe kabisa katika chakula. Anayechanganya afunike pua na mdomo, na akimaliza anawe kwa sabuni.

Asiyependa dawa anayo njia nyingine, nayo ni kumnyima dumuzi hewa. Yako magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani yake, na pia mapipa ya bati yanayofungwa barabara. Wadudu waliomo humaliza hewa, kisha hufa. Mahindi yawe makavu kabisa kabla ya kutiwa humo, na gunia lisifunguliwe kila siku.

Adui wa adui

Wataalamu nao hawakulala. Huko Amerika ya Kati walimkuta mbawakavu mwingine, Teretrius nigrescens, ambaye chakula chake ni mayai na watoto wa dumuzi. Humtafuta kwa kuifuata harufu ile ile ambayo dume huitoa kuwaita wenzake. Aliachiliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992. Amesaidia kupunguza idadi ya dumuzi, hasa maporini, lakini hawezi kuwamaliza. Asitokee mtu, basi, akasema kwamba atangoja mdudu amfanyie kazi ya ufagio.

Faida ya subira

Hasara ya dumuzi haihesabiwi kwa vumbi peke yake. Mkulima anayemwogopa huuza mahindi yake mara tu baada ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei imeanguka. Miezi michache baadaye huenda sokoni na debe lile lile kununua mahindi kwa bei iliyopanda, labda yale yale aliyoyalima kwa jasho lake. Naye karani aliyeajiriwa mjini huletewa barua ya kuomba pesa za chakula, kutoka kwenye shamba ambalo alilipia mbegu na mbolea.

Lakini aliyesafisha, akapukuchua, akakausha na kuhifadhi kwa njia iliyo sawa, aweza kungoja. Yeye ndiye anayechagua siku ya kuuza, wala si mdudu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa dumuzi huzibwa kabla ya gunia la kwanza kuingia ghalani.