Wanasesere kwa Watoto Waliofiwa: Kutoka Andiko la Mradi Hadi Mikononi mwa Mtoto

Miradi ya kujitolea ya kushona wanasesere kwa ajili ya watoto waliofiwa huanza na ahadi fupi. Kikundi cha kina mama, mafundi cherehani wa mtaani au wanafunzi wa chuo hukubaliana kushona idadi fulani, tuseme mia moja, na kuwafikishia watoto kabla mwaka haujaisha. Andiko la mradi husema kila mtoto atapata mwanasesere wake, na kwamba atakuwepo mtu mzima wa kukaa naye azungumze juu ya marehemu. Nusu ya kwanza ya ahadi hiyo hutimia mara nyingi. Ya pili ndiyo huchelewa, na pengine haifiki kabisa.

Wazo lenyewe lina msingi. Mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa kawaida bado hajaelewa kwamba aliyekufa harudi; wengi hulielewa hilo kati ya miaka 5 na 7. Kabla ya hapo atauliza baba anarudi lini, atajibiwa, na kesho atauliza tena. Huzuni yake huja kwa vipindi. Analia, kisha baada ya dakika chache yuko uani anacheza, na wakubwa hudhani amesahau. Kumbe mchezoni ndiko anakosema. Humlaza mwanasesere, humfunika, humzika, humwamsha, humgombeza kwa kuondoka bila kuaga. Mtu mzima aliye karibu hupata hapo nafasi ya kumwambia kwa upole kwamba mama amefariki. Mtoto aliyeambiwa mama amesafiri hubaki akisubiri, na kumwacha katika hali hiyo ni jambo zito.

Mipango huandikwa kwa kalenda ya mfadhili. Fedha hutoka katikati ya mwaka, taarifa inatakiwa Desemba, basi ugawaji hupangwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Kwa Tanzania huo ndio wakati shule zinafungwa, na watoto wengi, hasa wanaolelewa na ndugu, hupelekwa kwa bibi au kwa shangazi mkoa mwingine. Msiba nao una kalenda yake. Baadhi ya vikundi huahidi mwanasesere aliyeshonwa kwa kanga ya mama au shati la baba, na kwa mtoto hicho ni kitu kisicho na mfano. Lakini katika familia nyingi nguo za marehemu hugawiwa ndugu siku ya kumaliza matanga au baada ya arobaini. Mradi unaofika mwezi wa sita baada ya msiba hukuta kanga zimeshapata wenyewe wengine. Mpango wenye nia hiyo unahitaji mtu wa kufika mapema, kwa adabu, na kuomba kipande kimoja tu kiwekwe akiba. Anapaswa pia kuwauliza wazee kama wameridhia. Wapo wanaoingiwa na hofu wakiona umbo la mtu lililoshonwa kwa nguo ya aliyekufa, na wapo Waislamu wanaopendelea mwanasesere asiye na sura. Kuuliza hayo mwanzoni huchukua siku chache. Kufumua na kushona upya huchukua wiki.

Ushonaji ndio hatua inayokwenda vizuri kuliko zote. Watu hufika, cherehani hupatikana, mabaki ya vitenge hutolewa bure na mafundi. Kinachosumbua ni vitu ambavyo havikuandikwa. Kitambaa cha marekani cha kiwiliwili hufuliwa kwanza, la sivyo hurudi baada ya kufuliwa na mshono hukunjamana. Sufi ya msufi ni nyepesi na huufanya mwili uwe laini, ila ikilowa huganda mabonge na kukauka polepole. Stoo ikivuja wakati wa masika, kazi ya mwezi mzima hushika kuvu. Na vifungo: macho ya vifungo hupendeza, ila kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ni hatari ya kukabwa. Viwango vya usalama wa vitu vya kuchezea hutumia kipimo cha silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, na chochote kinachoenea chote humo huhesabiwa kuwa kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Dawa yake ni kutarizi macho kwa uzi. Kutarizi sura mia moja kunahitaji mikono iliyofundishwa, na hapo ratiba huanza kusogea.

Wanasesere wakifika mia, mradi huhesabiwa kuwa umekamilika. Picha hupigwa na taarifa hupelekwa. Kinachobaki nyuma ni ziara. Ofisa ustawi wa jamii aliyeahidi kuja mara tatu huja mara moja, kwa sababu kata yake ni kubwa na nauli haikuwekwa popote. Mlezi, ambaye naye amefiwa, haelezwi kwamba mtoto akimzika mwanasesere wake mchangani asikemewe. Katika baadhi ya nyumba na vituo vya kulelea watoto, mwanasesere hufungiwa kabatini asichafuke, hutolewa wageni wakija. Anayefanya hivyo hana nia mbaya. Ni kitu kizuri, na hakuna aliyemwambia kwamba kinatakiwa kilaliwe, kiburutwe na kulowa machozi.

Orodha nayo huacha watu. Zikitumika orodha za shule, watoto ambao hawajaanza shule na walioacha hawaonekani. Wavulana huachwa mara nyingi kwa dhana kwamba mwanasesere ni wa wasichana, ingawa mvulana wa miaka 6 aliyefiwa na baba ana la kusema kama dada yake. Wa miaka 12 na kuendelea huona haya kupewa. Kwao, kuwaita waje kushona wanasesere wa wadogo zao kumekuwa njia nzuri, maana mikono ikiwa kazini mdomo hufunguka, na hilo halihitaji fedha nyingi.

Gharama hukua kwa sababu andiko huhesabu kitambaa na kusahau watu. Neno kujitolea humfanya mpangaji aandike sifuri kwenye safu ya nguvu kazi, lakini anayejitolea hupanda daladala, hunywa chai, na akipata kibarua huondoka, akaja mwingine wa kufundishwa upya. Kujaza huchukuliwa kuwa kitu kidogo. Mwanasesere wa urefu wa mkono anaweza kula gramu 200 hivi, na kwa wanasesere mia ni kilo 20 za kununua. Vifurushi husafirishwa kwa basi. Tarehe ikisogezwa kwa sababu mgeni rasmi hakupatikana, stoo hulipiwa mwezi mwingine. Nyongeza hizi kila moja ni ndogo, na fedha za kuziziba huchukuliwa kwenye fungu ambalo bado halijaguswa, yaani lile la ziara na mafunzo ya walezi. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya ahadi hupotea hata pale ambapo kila mtu amefanya kazi yake kwa moyo.

Naona hesabu ingeanza upande wa pili. Kikundi chenye washauri wawili, ambao kila mmoja anaweza kufika kwenye nyumba nne kwa mwezi na kurudi mara tatu katika miezi mitatu, kina uwezo wa nyumba nane kwa kipindi hicho, na 32 kwa mwaka. Idadi ya wanasesere ingetokana na hapo, na kumi zaidi kwa ajili ya watakaopotea au kuchanika. Kwenye taarifa 32 huonekana wachache mbele ya mia. Mfadhili anaweza kuelezwa sababu katika ukurasa mmoja, na safu ya mwisho ya jedwali ikaonyesha tarehe ambayo kila mtoto alitembelewa kwa mara ya tatu.