Gitaa la Brian May: siri iko kwenye swichi, si kwenye meko

Kila anayesimulia habari za gitaa la Brian May, mpiga solo wa bendi ya Queen, huanzia kwenye meko. Na kweli kisa kinavutia. Mpini wa gitaa hilo ulichongwa kwa mkangazi uliong'olewa kwenye meko ya kuotea moto ya nyumba moja ya Uingereza. Mti wenyewe ulikuwa na zaidi ya miaka 100 na ulikwisha kubunguliwa na wadudu, hata matundu yakabidi yazibwe kwa njiti za kiberiti. Lakini meko haipigi solo. Mwenye sikio akitaka kujua kwa nini gitaa hili halifanani na jingine lolote, atazame swichi 6 ndogo zilizopangwa chini ya nyuzi.

Agosti 1963 Brian alikuwa na miaka 16, akiishi Feltham, magharibi ya London. Alitamani gitaa la Fender Stratocaster kama vijana wenzake, ila bei yake ilikuwa juu mno kwa familia yao. Baba yake, Harold May, alikuwa mtu wa elektroniki, aliyeajiriwa kuchora michoro ya mitambo. Wakakubaliana kulitengeneza wenyewe, jioni na mwisho wa wiki, kwa vifaa vya mkono. Kazi ilichukua takriban miaka miwili.

Kazi hiyo ikiwa haijafika mwisho, familia ya Bulsara ilihama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na kufikia Feltham hiyohiyo, mitaa michache kutoka kwa akina May. Kijana wao Farrokh, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, ndiye dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Vijana hao wawili hawakujuana wakati huo. Queen iliundwa mwaka 1970, na gitaa lilikuwa tayari.

Vipande vilivyounda gitaa hilo ni vya kushangaza, ila kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Katikati ya mwili kuna mwaloni wa meza kuukuu. Alama kwenye mpini ni vifungo vya chaza kutoka kwenye kikapu cha ushonaji cha mama. Mkono wa kutikisia nyuzi ulitokana na chuma cha kushikilia mfuko wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia.

Mtambo unaoendeshwa na mkono huo ni wa kihandisi hasa. Magitaa mengi ya wakati ule yalipoteza tyuni mara tu mpigaji alipovuta mkono, kwa sababu ya msuguano: uzi unasogea, halafu haurudi pale pale ulipokuwa. Baba na mwana wakachukua kisu cha zamani cha chuma kigumu, wakaulaza mtambo mzima juu ya makali yake uweze kuinama na kurudi karibu bila kukwaruzana na kitu. Mvuto wa nyuzi upande mmoja unasawazishwa na springi mbili upande wa pili, springi za valvu za pikipiki ya Panther ya mwaka 1928. Pale nyuzi zinapopita juu ya daraja wakaweka vigurudumu vidogo. Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari angeuelewa mchoro huo wote. Kuuchonga kwa tupa ni kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye sauti. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme huwekwa vinasa sauti, na kila kimoja ni sumaku iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitikisika, uga wa sumaku unatikisika nao, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Uzi wa tano ukipigwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme nao hupanda na kushuka mara 110. Amplifaya inaukuza, spika inaugeuza kuwa sauti tena.

Brian alianza kwa kutengeneza vinasa vyake mwenyewe. Vilitoa sauti nzuri, ila uzi ulipovutwa kwa pembeni vilitoa kelele ya ajabu, kutokana na jinsi ncha za sumaku zilivyopangwa. Akanunua vitatu vya kampuni ya Burns, akavimiminia gundi ya Araldite ili koili zisitikisike na kupiga mluzi ovyo. Kisha ukaja uamuzi ambao kwangu ndio uliozaa sauti ya Queen: namna ya kuviunganisha.

Katika gitaa kama Stratocaster, vinasa huunganishwa sambamba na huchaguliwa kwa swichi moja. Akina May waliviunganisha kwa mfululizo, umeme wa kimoja ukipita ndani ya kingine, na kila kinasa wakakipa swichi mbili. Ya kwanza inakiwasha na kukizima. Ya pili inageuza mwelekeo wa waya zake. Vinasa viwili vikifuata mwelekeo mmoja, umeme wao unajumlishwa, sauti inakuwa nene na yenye nguvu. Kimoja kikigeuzwa, umeme wao unatoana. Sauti nzito, ambazo karibu zinafanana kwenye vinasa vyote viwili, zinafutana. Zile kali, zinazotofautiana kutokana na mahali kila kinasa kilipo, zinabaki. Matokeo ni sauti nyembamba inayolia puani. Gitaa moja linakuwa kama kwaya ya magitaa, na hakuna pedali iliyoguswa.

Mwili nao una uwazi ndani, kwa makusudi. Kila aliyehudhuria harusi anaijua kelele ya maikrofoni iliyosogezwa karibu na spika. Brian aliitaka hali hiyo, ila iwe chini ya amri yake: gitaa lisikie amplifaya, litikisike, na noti iendelee kulia kadiri anavyotaka.

Yapo na mengine nje ya gitaa. Rory Gallagher wa Ireland alimweleza kijana huyo, bila kumficha kitu, kwamba yeye anatumia amplifaya ya Vox AC30 na kisanduku cha kuongeza ukali wa sauti. May hajaachana na mpango huo hadi leo. Badala ya kichokonoo cha plastiki anatumia sarafu ya peni sita, ambayo ukingo wake wenye meno hukwaruza uzi kidogo kabla ya noti kutoka. John Deacon, mpiga besi wa Queen aliyesomea elektroniki, naye aliokota bodi ya saketi kwenye pipa la takataka, akaunda amplifaya ndogo ya betri. Kifaa hicho duni kiliwasaidia kwenye rekodi kuliko mitambo mingi ya bei mbaya.

Gitaa halikustaafu. Mwaka 2002 May alilipiga juu ya paa la kasri la Buckingham katika sherehe za miaka 50 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti cha enzi. Nakala za gitaa hilo zinauzwa madukani, lakini anayenunua moja bila kujifunza kazi ya swichi zile amenunua pambo.

Ukitaka ushahidi, tafuta albamu ya Queen ya mwaka 1975, A Night at the Opera, vaa spika za masikioni, na usikilize wimbo Good Company. Utasikia bendi nzima ya jazi, tarumbeta, tromboni na klarineti. Hakuna hata moja ya hizo humo. Ni gitaa hili, na amplifaya ya Deacon.