Siku ya Mapumziko Zizini: Askari, Mwanawe na Ng'ombe

Askari arudipo nyumbani baada ya miezi mingi ya kazi, mtu wa kwanza kumtia majaribuni si adui wala mhalifu. Ni mtoto wake mwenyewe, mwenye umri wa miaka mitatu au minne, ajifichaye nyuma ya kitenge cha mama yake na kuuliza kwa sauti ya chini: "Huyu ni nani?"

Swali hilo limeulizwa katika nyumba nyingi za Bujumbura. Tangu Desemba 2007, vikosi vya kwanza vya Burundi vilipokwenda Somalia katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, hadi ujumbe wa ATMIS ulipomalizika mwishoni mwa mwaka 2024, maelfu ya akina baba, na akina mama pia, walikaa muda mrefu mbali na watoto wao. Polisi naye hakuhitaji kwenda mbali hivyo ili awe mgeni nyumbani kwake. Hushika zamu za usiku, huhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na mara nyingi mwanawe humfahamu kama mtu alalaye mchana ambaye watu wote wa nyumbani huagizwa wasimpigie kelele.

Wengi wetu hudhani kwamba dawa ya ugeni huo ni zawadi. Baba huja na biskuti, viatu na gari dogo la plastiki. Mtoto huzipokea kwa furaha, kisha hurudi mbio kwa mama yake. Zawadi imepokewa, lakini aliyeileta bado hajapokewa. Hivyo tumeona inafaa kuzungumza na ndugu zetu askari na polisi juu ya jambo lisilohitaji fedha nyingi, nalo ni kuitumia siku moja ya mapumziko kwa kumpeleka mtoto mahali penye mifugo, mkafanye kazi pamoja.

Mtoto wa Mutakura

Tumechagua kuanzia Mutakura, mtaa ulio kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kwa sababu mtoto azaliwaye huko ni mtoto wa mji hasa. Nyumba zimekaribiana na nyua ni ndogo. Maziwa huyaona yakifika katika madumu juu ya baiskeli, au yakiuzwa kibandani kwa kikombe. Ukimwuliza yatokako, atakuonyesha baiskeli.

Aidha, mtaa huo una kumbukumbu nzito. Wakazi wake hawajasahau ghasia za miaka ya 1990 wala zile za mwaka 2015. Katika mitaa ya namna hiyo, sare ya askari haiangaliwi kwa jicho moja na watu wote, na mtoto huisoma hofu ya wakubwa kabla hajajua kusoma herufi. Baba anayevaa sare hiyo anawajibika mara mbili: awe mlinzi mwema huko nje, na nyumbani awe mtu ambaye mtoto amemjua kwa uso wake, kwa sauti yake na kwa mikono yake, bila mkanda na bila buti.

Mahali pa matembezi si haba. Lipo ziwa Tanganyika na fukwe zake. Ipo bustani ya wanyama iitwayo Musée Vivant, ambako mtoto huweza kumwona mamba akiwa nyuma ya ukuta. Ipo hifadhi ya Rusizi, iliyotengwa mwaka 1980, yenye viboko na ndege wengi. Matembezi hayo yote ni mema, ila tungependa kukumbusha kwamba kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na kwamba mtoto asiachwe peke yake kando ya maji hata kwa dakika moja.

Hata hivyo, huko kote mtoto huwa mtazamaji, na baba yake huwa mtazamaji mwenziwe. Husimama bega kwa bega wakimtazama mamba, kisha hurudi nyumbani bila kuwa wamefanya lolote pamoja. Zizini sivyo. Huko ipo kazi, na kazi hiyo inao upande wa mtu mzima na upande wa mtoto.

Ng'ombe wa Burundi na zizi la leo

Hapana haja ya kumweleza Mrundi heshima ya ng'ombe. Tangu zamani watu wamesalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe: mmoja husema "Amasho," na mwenziwe hujibu "Amashongore." Ng'ombe alitolewa katika mahari, alipatanisha waliogombana, na maziwa yake yaliwekwa katika icansi, chombo cha mti kilichochongwa kwa ustadi. Ng'ombe huyo ni wa kabila la Ankole, mwenye pembe ndefu ambazo huweza kupita mita moja. Pembe hizo si pambo tu. Ndani yake hupita damu, na upepo unapozipuliza humsaidia mnyama kupunguza joto la mwili. Maziwa yake ni machache, lakini ni mvumilivu wa jua, njaa na safari ndefu.

Hapo kale mtoto wa kiume alijifunza utu uzima kwa kuchunga. Alitoka alfajiri na fimbo, akarudi jioni akiwa amehesabu kila mnyama. Katika tambarare ya Imbo, hasa huko Rukoko karibu na mto Rusizi, makundi ya ng'ombe yalizunguka kwa miaka mingi yakitafuta malisho. Lakini ardhi haikuongezeka na watu waliongezeka. Ng'ombe aliingia katika shamba la jirani, na jirani akaenda mahakamani. Ndipo ikatungwa sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018, inayoagiza mifugo ikae zizini daima na kupiga marufuku kuiacha ikizurura. Wafugaji walipewa muda wa kujiandaa, na utekelezaji ukaanza mwaka 2021.

Sheria hiyo haikuwa nyepesi kwa mfugaji. Majani ambayo ng'ombe aliyafuata mwenyewe, sasa hapana budi yakatwe na kubebwa. Mwenye ardhi ndogo hulazimika kupanda majani ya tembo pembezoni mwa shamba, au kuyanunua. Lakini kwa mtoto wa mjini, mabadiliko hayo yameleta nafasi ambayo haikuwapo. Ng'ombe hayuko tena porini, bali amesimama mbele ya hori, na mtoto wa miaka minne anaweza kubeba fungu la majani hadi mdomoni pake.

Jumapili moja katika tambarare

Tulishuhudia jambo hilo Jumapili moja, tulipofuatana na askari polisi mkazi wa Mutakura, mkewe na binti yao wa miaka minne, kwenda kwa mfugaji mmoja katika tambarare, kaskazini mwa jiji. Baba huyo alikuwa amerudi kwa likizo fupi baada ya miezi minane katika kituo cha mbali. Njia nzima mtoto alikaa upande wa mama.

Mwenyeji wetu, mzee wa makamo, hakuwakaribisha kwa viti. Alimpa baba mzigo wa majani na mtoto akampa kifungu cha kumtosha. Baba, kwa mazoea ya kazi, akaanza kutoa maagizo: simama hapa, usisogee, rudi nyuma. Mtoto akaganda. Ng'ombe naye, mtamba mwekundu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Afande," akasema mzee kwa upole, "ng'ombe hapokei amri. Nyamaza kidogo, akuzoee."

Baba akanyamaza. Akachuchumaa, akashika majani kwa mkono ulionyooshwa, akangoja. Ilikuwa kimya cha muda mrefu. Mtamba akasogea, akatoa ulimi, akachukua. Mtoto akaja taratibu akachuchumaa kando ya baba yake, naye akanyoosha kifungu chake. Ulimi ulipougusa mkono wake alipiga kelele, akaushika mkono wa baba. Hakuuachia mpaka majani yakaisha.

Baadaye aliuliza: "Baba, mbona anatafuna na majani yamekwisha?" Baba hakujua, wakaenda kumwuliza mzee pamoja. Mzee akawaeleza kwamba ng'ombe hucheua: tumbo lake lina sehemu nne, naye humeza chakula upesi, kisha hukirudisha mdomoni na kukitafuna tena akiwa ametulia, saa nyingi kila siku. Mtoto akataka kujua pia mtamba atazaa lini. Mzee alisema imebaki miezi miwili katika ile tisa ya mimba. Baba akahesabu vidole, akanyamaza. Wakati huo atakuwa amekwisha kurudi kazini.

Ndama alizaliwa kweli baba akiwa zamu. Mzee alimpigia simu mama, na mama akampigia mumewe. Tuliambiwa kwamba binti aliiomba simu mwenyewe, na kabla ya salamu akasema: "Baba, amezaa!" Mtoto yule aliyekaa upande wa mama njia nzima sasa alikuwa na habari ya kumpa baba yake, nayo ilikuwa habari yao wawili.

Ranchi na askari

Msomaji huenda akasema kwamba ufugaji si kazi ya askari. Historia ya eneo letu inasema vingine. Nchini Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwafundisha vijana kushika silaha na pia kulima na kufuga. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Ardhi iliyoikataa karanga iliwakubali ng'ombe, na Kongwa ikawa ranchi mashuhuri. Katika miaka ya 1960, Kongwa hiyohiyo ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwamo wa FRELIMO, ANC na SWAPO.

Nchini Burundi ranchi kubwa za namna hiyo ni chache, lakini kazi ya kuboresha mifugo imefanywa katika vituo kama Mahwa, kwenye nyanda za juu za kusini, chini ya taasisi ya utafiti ya ISABU. Huko ng'ombe wa Ankole walichanganywa na Sahiwal, kabila lenye asili ya bara Hindi, ili wapatikane wanyama wenye maziwa zaidi wasiopoteza uvumilivu wao. Umekuwapo pia mpango wa mshikamano, ambapo kaya iliyopewa ng'ombe humtoa ndama kwa kaya nyingine, nayo hutoa kwa nyingine. Mtoto aelezwe jambo hilo akiwa zizini, kwa maana ataelewa mapema kwamba kipewacho mtu hakiishii kwake.

Ya kuzingatia

Kabla ya kuondoka, yafaa yafuatayo yakumbukwe. Mwenye zizi aombwe ruhusa siku chache kabla, na asiendewe mikono mitupu. Sare na silaha visiende. Matembezi yawe ya asubuhi, kabla ya jua la Imbo kuwa kali, na mtoto abebewe kofia na maji ya kunywa. Kwa kuwa mafuta ya magari yamekuwa adimu katika miaka ya hivi karibuni, heri kuchagua zizi la karibu kuliko lililo zuri lakini mbali. Saa mbili zinamtosha mtoto mdogo.

Mtoto asisimame nyuma ya ng'ombe, wala asimkaribie ng'ombe mwenye ndama mchanga, kwa kuwa mama huyo humlinda mwanawe. Akitoka zizini anawe mikono kwa sabuni, na wazazi wamtazame mwili kama ana kupe. Kupe ndiye amwambukizaye ng'ombe ndigana kali, maradhi yanayoua ndama wengi, na ndiyo sababu mfugaji hodari huwaogesha wanyama wake kwa dawa. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, hata yakiwa yamekamuliwa mbele ya macho yenu, kwani maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba.

Mwaka 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka miongoni mwa mifugo ya Burundi, serikali ilizuia biashara na usafirishaji wa ng'ombe. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, na huweza kumpata mtu agusaye damu ya mnyama mgonjwa au mimba iliyotoka. Kukiwa na tangazo la maradhi, safari iahirishwe.

Ndugu askari na polisi, likizo yako ni fupi, na utoto wa mwanao ni mfupi pia. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini hawezi kulelewa na mtu asiyemjua. Kazi ya taifa itakuita tena, nawe utakwenda. Kabla hujaitwa, chukua asubuhi moja, mshike mwanao mkono, mkamlishe ng'ombe. Utakapokuwa mbali, mtakuwa na la kuulizana kwenye simu.