Muratina: Namna ya kuionja, na jambo ambalo ulimi hauwezi kukwambia

KATIKA sherehe za mahari mjini Nyeri, Karatina au Othaya, si ajabu kumwona kijana aliyezoea bia ya chupa akipokea kikombe cha muratina, akakibugia kwa mkupuo mmoja kisha akakunja uso. Huilaumu pombe, ilhali kosa ni la mnywaji. Muratina haikukusudiwa kukata kiu. Ni kinywaji cha wazee na cha maagano; Mzee Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza jinsi pombe ilivyopelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa.

Jina lenyewe ni la mti, ule ambao Waswahili huuita mwegea. Matunda yake marefu yaliyoning'inia hayafai kuliwa mabichi. Mtengenezaji hulipasua tunda kwa urefu, akalichemsha, akalianika juani, kisha akalilowesha katika maji ya miwa au ya asali na kulianika tena. Kazi hiyo hurudiwa hadi uchungu upungue na nyuzi za tunda zishikwe na hamira ya asili. Tunda lililokwisha kuiva namna hiyo hutumika mara nyingi, na ndilo siri ya nyumba inayosifiwa kwa pombe nzuri.

Baadaye tunda hutiwa kwenye kibuyu au mtungi wenye maji ya asali au ya miwa, na chombo kikawekwa karibu na meko. Baridi ya Mlima Kenya na ya Nyandarua huilaza hamira, na pombe iliyochachukia kwenye baridi hubaki tamu kupita kiasi. Siku moja hadi nne hutosha, kutegemea joto.

Sasa tuionje. Itazame kwanza: muratina njema ina rangi ya asali au kahawia hafifu, na huwa na ukungu kwa sababu haikuchujwa kama bia ya kiwandani. Viputo vidogo vikipanda juu, hamira ingali hai. Inuse kabla ya kunywa. Ya asali hunukia maua na matunda yaliyoiva. Ya miwa ina harufu ya majani mabichi na, mara nyingine, moshi wa jikoni. Harufu kali ya siki yaonyesha kwamba imepitwa na wakati.

Piga funda dogo, uliache litembee ulimini. Utamu hutangulia, ukafuatwa na ukakasi wa uchachu, na mwishoni uchungu mwembamba wa tunda. Wapenzi wa bia chungu za rangi ya kaharabu zinazotengenezwa na viwanda vidogo jijini Nairobi watashangaa hapa. Uchungu wa bia zile hutoka kwenye maua ya hopsi, nao hudumu kooni. Wa muratina huja na kupita, na kinachodumu ni asali. Kwa maoni yangu, ya asali tupu haina mfano, ingawa asali ni ghali na wengi leo hutia sukari ya dukani. Ya sukari huwa nyepesi, haina harufu, na hulevya bila kusimulia lolote.

Kinywaji kikichoma koo huku kikiwa hakina harufu ya tunda wala ya asali, kiweke chini. Huenda kimetiwa spiriti ili kiwe kikali upesi.

Hata hivyo, kuna sumu isiyotambulika kwa kuonja. Methanoli, pombe ya viwandani, haina ladha inayoitofautisha na pombe ya kawaida. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika Embu, Kiambu na Ukambani kwa pombe kali iliyotiwa methanoli. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki kutokana na pombe haramu iliyonywewa katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa na kuweka masharti ya leseni na lebo, lakini lebo yenyewe hughushiwa.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muratina si ladha yake, bali ni nani aliyeitengeneza, lini, na kwa nini: asali, miwa au sukari. Mtengenezaji anayejulikana kijijini hujibu bila kusita. Na mtu akianza kuona ukungu, kutapika au kuumwa na tumbo, apelekwe hospitali mara moja, asiachwe alale kwa kudhaniwa amelewa. Dalili za methanoli huweza kukawia saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, na dawa ya kuizuia ipo, lakini husaidia zaidi mgonjwa aliyewahishwa.