Msaada wa afya ya akili Mwanza: pa kuanzia

Huduma za afya ya akili nchini Tanzania zimepangwa kwa ngazi zilezile za matibabu mengine. Chini ipo zahanati na kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya kanda, na juu kabisa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyoko Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Kwa mkazi wa Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana, ngazi mbili kubwa ziko jijini kwake. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana kutoka sehemu nyingi za mji, ni ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yote na ina idara ya magonjwa ya akili. Watu husafiri kutoka Kagera, Mara na Geita kuifuata.

Umbali basi si kikwazo kikubwa Mabatini. Kinachochelewesha wengi ni kutotambua kwamba walichonacho ni ugonjwa. Mtu anakosa usingizi wiki baada ya wiki, anaacha kwenda sokoni au mwaloni, chakula hakipiti kooni, na nyumbani inasemwa ana mawazo. Mwingine anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, na neno la kwanza linalotamkwa ni kurogwa. Mama aliyejifungua karibuni anamtazama mwanawe bila hisia yoyote, akaambiwa anadeka. Hali hizi zote zina tiba, na kadiri zinavyowahiwa ndivyo mgonjwa anavyopona kwa urahisi zaidi. Hali ikidumu zaidi ya wiki mbili na kumzuia mtu kufanya shughuli zake za kawaida, aende kituoni.

Asiyeweza kutoka, au anayeona haya kuonwa na majirani, anaweza kuanza kwa simu. Wizara ya Afya ina kituo cha mawasiliano kwa namba 199, ambapo mwananchi huuliza jambo lolote la afya bila kulipia. Namba 116, inayoendeshwa na shirika la C-Sema, ni ya watoto na ya wanaohofia usalama wa watoto: kipigo, ubakaji, kutelekezwa, au mtoto aliyebadilika ghafla akawa mkimya. Kwa dawa za kulevya ipo 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Hakuna kati ya namba hizi iliyowekwa kwa ajili ya afya ya akili peke yake, kwa hiyo mpigaji aseme tangu mwanzo anachotaka: ushauri wa papo hapo, au kuelekezwa kituo kilicho karibu naye.

Kuna hali isiyongoja simu. Mtu anayesema hataki tena kuishi, anayegawa vitu vyake au kuaga watu bila safari, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani; mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Nyumba za Kanda ya Ziwa, nchi ya pamba, huhifadhi viuatilifu vya shambani chini ya kitanda au stoo, na sumu hizo ni miongoni mwa njia kuu za kujiua duniani. Zitolewe nyumbani au zifungiwe, pamoja na vidonge na kamba, kisha mgonjwa apelekwe idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku au mchana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Baadhi yao huenda wangeokolewa kama mtu angekaa nao usiku ule mbaya.

Siku ya kwanza kwenye kliniki ya afya ya akili, mhudumu huanza na mwili. Malaria kali, sukari iliyoshuka, maambukizi ya ubongo au kilevi huweza kumfanya mtu aonekane amechanganyikiwa, na tiba yake ni nyingine kabisa. Baada ya hapo huuliza historia, na hapa ndugu anayemfahamu mgonjwa ana kazi kubwa: aeleze tatizo lilianza lini, dawa zipi zimeshatumika, zikiwamo za miti shamba, na kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo. Wenye kifafa nao hutibiwa katika kliniki hizohizo, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kukihusisha na mapepo.

Familia nyingi huteleza kwenye dawa. Za sonona, kama ya yule anayekosa usingizi na hamu ya kazi, huchukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana, na mgonjwa asiyeambiwa hilo huziacha siku ya kumi akiamini hazifanyi kazi. Mwenye saikosi, kama yule anayesikia sauti, akipata nafuu hujiona amepona, akaacha, na ugonjwa hurudi. Kwa anayesahau vidonge ipo sindano inayochomwa takriban mara moja kwa mwezi. Kuhusu gharama, sera ya afya imeyaweka magonjwa ya akili kati ya yale yanayostahili msamaha katika vituo vya serikali; afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuulizwa.

Wagonjwa wengi hupita kwanza kwa mganga wa jadi, mchungaji au shehe, na hakuna sababu ya kuwakemea kwa hilo. Sala na dawa za hospitali hazipingani. Hatari huja mgonjwa anapofungwa minyororo, kunyimwa chakula au kuchapwa ili shetani atoke. Hayo ni mateso. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoweka utaratibu wa kumpeleka hospitali hata asiyekubali kwenda. Mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii wa kata wanaweza kuisaidia familia kuufuata.

Kwa anayetoka visiwa vya Ukerewe au Ukara, kila hudhurio hudai nauli ya kivuko na siku nzima au mbili za kazi. Huyo aombe, mara hali inapotulia, barua ya kuhamishia ufuatiliaji kwenye hospitali au kituo cha afya cha kwao, na aulize kabla ya kuondoka kama dawa yake inapatikana huko.