Mstari Laini Hutoka Begani

Katika visiwa vyetu vya Lamu mstari haukuwa jambo dogo kamwe. Fundi wa Matondoni huupinda ubao juu ya mataruma ya jahazi bila ya ramani ya karatasi, na jicho lake ndilo limwambialo pale ubao ulipokataa. Fundi wa nakshi huuchora mlango mzima kabla ya kushika patasi. Mama mpaka piko huuteremsha mstari mweusi juu ya mkono wa bibi harusi, naye hana nafasi ya kufuta. Na mwandishi wa hati huivuta kalamu yake ya mwanzi kutoka kulia kwenda kushoto, pumzi ameizuia mpaka herufi itimie. Wote hao, kila mmoja kwa chombo chake, wanatafuta mstari usiotetema.

Siku hizi ameongezeka wa tano, naye ni kijana mwenye kompyuta. Kalamu yake haina wino, na karatasi yake ni kibao cha plastiki au kioo. Wazee wengi humtazama wakadhani mashine ndiyo ichorayo. Si hivyo, msomaji wangu. Mashine haina mkono. Basi na tuieleze kazi yake ilivyo, maana jambo lisiloelezwa aghalabu huogopwa bure au hupendwa bure.

Kibao cha kuchorea hakiuoni mstari, kinaona nukta. Zaidi ya mara mia kwa sekunde moja kinapima pale ilipo ncha ya kalamu, na programu inaziunga nukta hizo kama mtu atungaye shanga. Ndiyo sababu anayeanza, akichora polepole kwa hofu, mstari wake hutoka na vinundu: kila mtetemo wa kidole umehesabiwa na kuandikwa. Kwenye karatasi, ukwaruzo wa karatasi yenyewe humshika mkono. Kwenye kioo kalamu huteleza kama mguu juu ya mwani.

Watengenezaji wa programu waliliona tatizo hilo, wakatia dawa. Katika programu kama Krita, ambayo hupatikana bure, mna kipimo cha kulainisha mstari. Programu huchukua nukta kadhaa zilizopita, ikatafuta wastani wake, na huo wastani ndio uchorwao. Iko na njia nyingine, mfano wa mtoto avutaye kidau cha kuchezea kwa uzi ufuoni: mkono ukiyumba kidogo uzi hulegea na kidau hakisogei; uzi ukikazika ndipo kinapofuata. Mstari huja nyuma ya kalamu kidogo, lakini huja umetulia.

Na ipo njia ya tatu, nayo asili yake ni kwa maseremala wa vyombo. Zamani mafundi wa merikebu wa Ulaya walipotaka kuchora ubavu wa chombo walichukua ufito mwembamba wa mbao, wakaupinda, wakaushikiza kwa vipande vizito vya risasi, kisha wakapitisha kalamu kando yake. Ufito hukataa kuvunjika, kwa hiyo hujipinda kwa ulaini wake wenyewe. Baadaye wanahesabu waliyatia maumbo kama hayo katika hesabu. Huko Ufaransa, Paul de Casteljau wa kiwanda cha magari cha Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960, walipata kila mmoja njia ya kuuongoza mpindo kwa nukta chache tu. Mpindo huo unaitwa kwa jina la Bézier mpaka leo, na mchoraji wa kompyuta huutumia kila siku. Fundi wa Matondoni hakusoma hesabu hiyo, lakini ubao wake unaijua.

Sasa nieleze lililonifanya niandike. Kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, ambaye jina lake nalihifadhi, alipewa kazi ya kuchora Bismillahi kwa ajili ya mlango wa chuo cha watoto. Mchoro ungechapwa kwenye karatasi, fundi wa nakshi aubandike juu ya mbao, akate. Alinionyesha kazi yake, nami nikaupenda wepesi wa mistari, mpaka jicho likafika mwanzo wa neno.

“Mwanangu,” nikamwambia, “meno ya siin yako wapi?”

Akaangalia. “Yapo, ami. Nimeyachora yote matatu.”

Kweli aliyachora, ila mashine iliyala. Alikuwa amekipandisha kipimo cha kulainisha mpaka mwisho. Na wastani, msomaji, hauijui pembe: huikata njia kama mtu apitaye kichochoro cha mkato. Meno ya siin yaligeuka mawimbi madogo, na lile jino la ba, ambalo waandishi huliinua juu katika Bismillahi ili lijitenge na meno ya siin, likazama pamoja nayo. Mstari ulikuwa mzuri kuutazama, lakini neno halikusomeka sawasawa. Na katika hati yetu jino moja ni herufi nzima. Ubao wa chuoni ukikosea huoshwa ukaandikwa upya. Ubao wa mlango ukishakatwa hauoshwi, na watoto wangepita chini ya kosa lile miaka na miaka.

Tulikaa mpaka alasiri. Akakishusha kipimo karibu na chini kabisa, akakiacha kiwe juu kwa mikato mirefu peke yake. Akachagua brashi bapa yenye pembe isiyobadilika, mfano wa mwanzi uliochongwa kwa mshazari, ili unene na wembamba wa herufi utoke katika mwelekeo wa mkono. Kisha nikamwonyesha yale tuliyofundishwa chuoni: usiuvute mstari mrefu kwa vidole, uvute kwa bega, vidole ni vya nukta na meno. Usiitazame ncha ya kalamu, tazama unakokwenda. Pitisha mkono hewani mara mbili tatu kabla ya kugusa. Geuza karatasi ili mpindo uufuate mkono wako. Na programu nayo hugeuza karatasi yake. Tena nyanyua kalamu penye pembe, maana hakuna sheria isemayo herufi iandikwe kwa mkato mmoja. Bismillahi ya mwisho ilikuwa na mtetemo mdogo mahali pamoja, lakini meno yake yote yalihesabika.

Mambo haya si mageni. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliiwekea hati vipimo: herufi alif hupimwa kwa nukta za kalamu ile ile, na herufi nyingine hufuata. Imepokewa kwamba alipokatwa mkono wa kulia aliifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Kwetu, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu katika karne za 18 na 19 ambayo wataalamu huistaajabia hadi leo. Na hapa Lamu alikuwapo Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945: mshairi, mwandishi wa hati, mchonga milango. Miswada aliyowaandikia wataalamu wa Kizungu imehifadhiwa Ulaya, mingine katika chuo cha SOAS mjini London. Mkono ulioshika kalamu ndio ulioshika patasi, kwa sababu elimu ya mstari ni moja.

Kwa hiyo simkatazi kijana kompyuta. Hata mwanzi ulikuwa chombo kipya siku moja. Ninalomwomba ni kuwa ajifunze mstari kwanza, ndipo akitafute kipimo cha kuulainisha. Nami nimemtungia ubeti:

Mkono ukitetema, mashine huutuliza,
Mstari hutoka mwema, na macho ukapumbaza,
Lakini mwenye hekima, kiganja hukifundiza,
Kalamu haina jema, bila mkono kuweza.

Walimu wa hati bado tunao, na vijana wenye vibao wanazidi kila mwaka. Kinachotakiwa ni kuwakalisha pamoja kwenye mkeka mmoja wakati wazee wangali hai.